Jina Moja, Uvimbe wa Aina Nne: Polipu za Kizazi na Hofu ya Saratani

"Mama, una uvimbe kwenye kizazi." Maneno haya husemwa kila siku kwenye vyumba vya altrasaundi, kuanzia Karatu hadi Kariakoo, na kila anayeambiwa huondoka na ugonjwa wake kichwani. Mmoja amesikia faibroidi, kwa sababu shangazi yake aliwahi kuwa nazo. Mwingine amesikia saratani na tayari anawaza nani atalea watoto. Wa tatu amesikia kwamba hatazaa tena.

Kwa mwanamke wa Engaresero, kijiji kilicho kati ya Ziwa Natron na mlima Ol Doinyo Lengai wilayani Ngorongoro, maneno hayo ni ghali zaidi. Kutoka kwake hadi Mto wa Mbu ni zaidi ya kilomita 100 za njia ambayo kwa sehemu kubwa ni vumbi na mawe, kisha apande ukuta wa Bonde la Ufa ndipo aione Karatu. Akirudi nyumbani na neno "uvimbe" peke yake, safari yote hiyo imemletea hofu tu. Akiuliza afanye nini, atapata majibu yanayopingana: toa haraka kabla haujageuka saratani, acha, hauna madhara, kunywa dawa uyeyuke, ng'oa kizazi umalize kazi.

Uchambuzi huu unahusu uvimbe wa aina moja tu, yaani polipu za utando wa ndani wa mji wa mimba. Swali ni hili: zina uhusiano gani na saratani, na ni yupi anayepaswa kuifunga safari hiyo ndefu kwa ajili ya polipu?

Neno moja, magonjwa manne

Chanzo cha kwanza cha mkanganyiko ni lugha. Kiswahili cha hospitalini kinatumia "uvimbe" kwa mambo manne yasiyofanana. Faibroidi hukua kwenye misuli ya mji wa mimba, ni ngumu kama ngumi, na kugeuka saratani kwake ni jambo la nadra mno. Uvimbemaji hukaa kwenye ovari, nje kabisa ya mji wa mimba. Saratani ni seli zilizoacha kutii mipaka yake. Na polipu ni kinyama laini kinachoota kwenye utando ule unaomwagika kila mwezi kwa njia ya hedhi. Mara nyingi huning'inia kwa kikonyo kama tunda la tini, nyingine hukaa bapa bila kikonyo. Ndogo yake haizidi punje ya mtama, na kubwa inaweza kufika sentimita kadhaa, hata ikachungulia kwenye mlango wa kizazi.

Kinachoilisha polipu ni homoni ya estrojeni. Ndiyo maana huonekana zaidi kwa wanawake waliovuka miaka 40, kwa wenye uzito mkubwa (mafuta ya mwili hutengeneza estrojeni hata baada ya hedhi kukoma), na kwa wanaotumia tamoksifeni, dawa inayozuia saratani ya matiti isirudi lakini ambayo huuamsha utando wa kizazi.

Chanzo cha pili ni neno "saratani ya kizazi" lenyewe, kwa sababu zipo mbili. Ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV, na ndiyo mzigo mkubwa wa Tanzania: makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka mmoja. Chanjo inayotolewa kwa wasichana nchini tangu 2018 inakinga hiyo, na kipimo cha siki kinachofanywa kwenye vituo vya afya kinaitafuta hiyo. Ya pili huanzia ndani, kwenye utando. Haina chanjo, na kipimo cha siki hakiwezi kuiona, kwa kuwa muuguzi anayetazama mlango wa nyumba haoni kilichomo chumbani.

Hili linaleta hatari ambayo sioni ikisemwa vya kutosha. Mwanamke mwenye miaka 60 anayetokwa damu anaweza kupimwa kwa siki siku ya kampeni, akaambiwa yuko salama, akarudi nyumbani akiamini kwamba kizazi chake chote kimekaguliwa. Jibu alilopewa ni la kweli. Swali lake ndilo halijajibiwa.

Hatari yenyewe ina ukubwa gani

Mwaka 2010 watafiti walikusanya tafiti 17 zilizohusu wanawake zaidi ya 10,000 waliotolewa polipu. Kati ya wanawake 1,000 ambao bado walikuwa wakipata hedhi, 17 walikuwa na polipu yenye saratani au dalili za kuelekea huko. Kwa waliokoma hedhi, idadi ilipanda hadi 54. Walipogawanywa kwa dalili, waliokutwa na hali hiyo walikuwa 42 kati ya kila 1,000 waliotokwa damu isivyo kawaida, na 22 kati ya kila 1,000 wasiotokwa damu.

Takwimu hizi zahitaji kusomwa taratibu. Kwanza, zinajumuisha saratani kamili pamoja na mabadiliko ya seli ambayo bado si saratani. Pili, wanawake hao wote walikuwa tayari wamefika hospitali na daktari ameamua kukata. Wale wanaoishi na polipu bila kujua, ambao ni wengi, hawamo kwenye hesabu. Kwa hiyo hatari ya mwanamke aliyegunduliwa kwa bahati, alipopigwa picha kwa sababu ya maumivu ya figo kwa mfano, huenda iko chini ya namba hizo. Tatu, nyingi ya tafiti za aina hii hutoka kwenye nchi tajiri, ambako wanawake huzaa watoto wachache na wengi ni wanene. Kuzaa mara nyingi hupunguza hatari ya saratani ya utando, na bibi wa Kimasai aliyezaa watoto saba au wanane anaingia kwenye mizani hiyo akiwa na nafuu ambayo mwanamke wa Chicago hana.

Je, polipu "hugeuka" saratani? Neno hilo linapotosha. Polipu nyingi huzaliwa polipu na huisha zikiwa polipu. Chache hubeba saratani ndani yake, na nyingine hukaa jirani na saratani iliyoota pembeni kwenye utando uleule, kwa kuwa estrojeni iliyolisha moja imelisha na nyingine. Lakini ipo aina moja kali ya saratani, inayowapata zaidi wanawake wazee na wembamba, ambayo haitegemei estrojeni na ambayo mara nyingi hukutwa ikianzia ndani ya polipu, huku utando uliobaki ukiwa umesinyaa kabisa. Aina hii ndiyo inayonizuia kuwaambia wanawake wote wakalale usingizi.

Kuna namba nyingine yenye uzito kuliko zote hizo. Uchambuzi wa tafiti zaidi ya 100, uliochapishwa 2018, ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wanaotokwa damu baada ya kukoma hedhi, takribani 9 hukutwa na saratani ya utando. Ukigeuza upande wa pili, takribani 90 kati ya kila wanawake 100 wenye saratani hiyo walikuwa wametokwa damu kabla ya kugunduliwa. Ni saratani chache zinazobisha hodi namna hii.

Wanaosema itolewe

Kambi ya kwanza inasema kila polipu ikionekana itolewe. Hoja yao kuu ina nguvu: altrasaundi huonyesha kivuli, haisomi seli. Hakuna daktari anayeweza kutazama kioo akaapa kwamba kinyama kile hakina kitu. Hata kipimo cha unene wa utando, kinachotumiwa kuwapunguzia wasiwasi waliokoma hedhi ikiwa utando haujafika milimita 4, kimeonekana kuwa na tundu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2024, uliowahusu wanawake weusi pekee, ulikuta kwamba takribani mmoja kati ya 10 waliokuwa na saratani alikuwa na utando mwembamba kuliko kiwango hicho.

Faida ya pili ni damu. Kwa mwanamke wa miaka 35 anayemwaga damu siku 12 kila mwezi, kinachomtishia zaidi ni upungufu wa damu, na polipu ikitoka nafuu huja. Faida ya tatu ni uzazi. Jaribio lililofanyika Hispania na kuchapishwa 2005, kwa wanawake 215 waliokuwa wakisaidiwa kushika mimba kwa kupandikizwa mbegu, lilikuta kwamba 63 kati ya 100 waliotolewa polipu walipata mimba, dhidi ya 28 kati ya 100 ambao hawakutolewa. Hao walikuwa tayari kwenye tiba ya ugumba, kwa hiyo namba zile haziwezi kuhamishwa zilivyo. Ila katika jamii ambako mwanamke asiye na mtoto hupoteza nafasi yake bomani, hoja hiyo haiwezi kupuuzwa.

Udhaifu wa kambi hii uko kwenye neno "itolewe" lenyewe. Itolewe vipi? Njia bora ni histeroskopi, kamera nyembamba inayopitishwa kwenye mlango wa kizazi bila kupasua tumbo, daktari akaona kikonyo na kukikata pale kilipoota. Chombo hicho na mtu wa kukitumia hupatikana zaidi hospitali kubwa za rufaa. Katika ngazi ya chini, "kutoa polipu" mara nyingi maana yake ni kusafishwa kizazi: kukwangua kwa kubahatisha, bila kuona. Polipu laini yenye kikonyo hulikwepa kwangurio kama samaki anavyokwepa mkono, na tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba ukwanguaji wa namna hii huacha polipu nyuma. Mwanamke analipa, analazwa kwa nusu kaputi, anabeba hatari ndogo ya kizazi kutobolewa au kuingiwa na maambukizi, kisha anarudi nyumbani na polipu yake.

Wanaosema isubiriwe

Kambi ya pili inasema polipu ndogo isiyo na dalili iachwe iangaliwe. Utafiti uliofanywa Norway na kuchapishwa 2009 uliwafuatilia wanawake kwa mwaka mmoja bila kuwagusa. Zaidi ya robo ya polipu zilitoweka zenyewe, hasa zile zisizofika sentimita moja. Miongozo ya wataalamu wa upasuaji wa wanawake inalikubali jambo hili, na wakati huohuo inataka polipu yenye dalili kwa mwanamke aliyekoma hedhi itolewe na kupimwa.

Kwa mwanamke wa miaka 38, asiyetokwa damu, asiyetafuta mtoto, mwenye polipu ya milimita 7, mimi naiona kambi hii ina haki. Kumtoa Engaresero hadi hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kwa hatari ndogo kiasi hicho ni kumtoza mbuzi kadhaa na wiki nzima ya kazi ili kumwondolea kitu ambacho pengine kitaondoka chenyewe.

Ila kusubiri nako ni tiba, na kila tiba ina masharti. Sharti la kusubiri ni kurudi. Daktari wa mjini anapoandika "arudi baada ya miezi sita", anamfikiria mtu anayepanda daladala. Familia ya wafugaji, ukame ukija, inahama na mifugo, na aliyepangiwa tarehe ya Mei anaweza kuwa mbali na barabara yoyote ile. Kusubiri bila mtu wa kumkumbusha, bila kadi, bila yeye mwenyewe kujua dalili ipi imrudishe kabla ya tarehe, ni kumtelekeza kwa lugha ya kitaalamu.

Dawa ya kuyeyusha, na kisu cha kumaliza

Zipo njia mbili nyingine zinazosikika sana mitaani, na zote huvutia kwa sababu zinaahidi mwisho wa jambo.

Ya kwanza ni dawa za asili za "kuyeyusha uvimbe". Wilaya ya Ngorongoro inaijua nguvu ya imani hii kuliko wilaya nyingi. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walifurika kijijini Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, na wenye saratani walikuwamo kwenye foleni zile. Siwabezi waliokwenda, walikuwa wanatafuta tiba iliyo karibu na yenye bei wanayoimudu, na hilo ni dai la haki. Lakini polipu ni ugonjwa unaompa sifa mganga yeyote. Zaidi ya robo hutoweka zenyewe ndani ya mwaka, na damu yake huja na kukata. Mwanamke akinywa mizizi mwezi ambao damu ingekata hata hivyo, mizizi ndiyo itakayosifiwa. Na endapo damu ile ilitoka kwenye saratani, ukimya wa miezi miwili mitatu ndio unaoipa saratani muda wa kupenya.

Ya pili ni kung'oa kizazi chote. Kwa saratani iliyothibitishwa, hiyo ndiyo tiba kuu, na ikiwahi inaokoa: katika takwimu za Marekani, takribani wagonjwa 95 kati ya 100 ambao saratani yao haijatoka nje ya kizazi huwa hai baada ya miaka mitano, ilhali iliyokwisha kusambaa mbali huwaacha hai wasiofika 25. Kwa polipu peke yake, upasuaji huo ni mkubwa kuliko ugonjwa. Hata hivyo nailewa sababu inayowafanya baadhi ya madaktari wa mbali wauone kuwa wa busara: mgonjwa amekuja mara moja, pengine hatakuja tena. Tatizo ni kwamba uamuzi huo unafanywa kwa kuwa barabara ni mbovu, na mwanamke anaambiwa ni kwa kuwa kizazi ni kibovu. Anastahili kuambiwa ukweli wote, kisha achague.

Kupima kwa mizani ya Engaresero

Nikiziweka kambi zote mezani, naona zimegombana juu ya kitu kisicho kiini. Zinabishana kuhusu polipu, wakati hatari inategemea zaidi mwanamke aliyeibeba. Maswali mawili yanabeba sehemu kubwa ya uamuzi, na yote yanaweza kuulizwa kwenye zahanati bila mashine: hedhi imekoma? Damu inatoka?

Hedhi imekoma na damu inatoka: huyu asafiri, hata kama hajawahi kusikia neno polipu, hata kama damu ni tone moja kwenye shuka, hata kama kipimo cha siki kilikuwa safi. Asafiri hadi mahali panapoweza kuchukua kinyama na kukipima. Hapa gharama ya safari haishindi hatari ya 9 kati ya 100. Kama hedhi imekoma na hakuna damu, polipu imeonekana kwa bahati tu, basi ukubwa wake, kisukari, shinikizo la damu, uzito na tamoksifeni ndivyo viamue. Na kwa mwanamke wa mbali ningeelemea kumtoa polipu mapema kidogo kuliko wa mjini, kwa sababu kumfuatilia ni kugumu. Anayeendelea na hedhi na anamwaga damu nyingi, kwanza apimwe wingi wa damu na kuulizwa kuhusu mimba, kisha rufaa ya kawaida isiyo ya hofu. Asiye na damu wala shida, asubiri, na aambiwe kwa maneno yake mwenyewe kitakachomrudisha.

Swali la kwanza linaonekana jepesi, ila si jepesi. Kukoma hedhi kitaalamu ni miezi 12 mfululizo bila damu. Bibi ambaye tarehe yake ya kuzaliwa haijaandikwa popote hawezi kujibu kwa mwaka wa kalenda, na fomu ya rufaa ikiachwa wazi, daktari wa Karatu au Moshi hatajua kama anasoma damu ya hedhi au damu ya hatari. Engaresero ina kalenda yake. Ol Doinyo Lengai ulilipuka 2007 na kuendelea kumwaga majivu mwaka uliofuata. "Kokoo (bibi, kwa Kimaa, lugha ya Wamasai), mlima ulipotupa majivu, ulikuwa bado unaona siku zako?" Swali hilo moja lina thamani ya kipimo. Kinachobaki ni nani aulize. Mara nyingi mkalimani wa Kimaa ni mjukuu wa kiume au mkwe, na hakuna bibi atakayetaja damu yake mbele ya mkwe. Mhudumu wa afya wa jamii aliye mwanamke, wa hapohapo, anayejua Kimaa, anafanya kazi ambayo kamera ya histeroskopi haiwezi.

Kikopo cha fomalini

Kuna hatua moja ambayo mabishano haya mara nyingi huisahau. Polipu iliyotolewa na kutupwa kwenye ndoo imeondoa damu tu. Swali la saratani limeondoka nayo bila kujibiwa. Kinyama lazima kiingie kwenye kikopo cha fomalini (dawa ya kuhifadhi) mara tu kinapotoka, fomalini iwe nyingi mara kumi ya kinyama, jina liandikwe kwenye kikopo chenyewe wala si kwenye mfuniko, kwa sababu mifuniko hubadilishana mezani. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi au kikiachwa kikakauka kwenye glovu, seli zinaoza na jibu linapotea. Kikifika maabara ya patholojia, kama ile ya KCMC Moshi, kinakatwa vipande vyembamba kuliko unywele, kinatiwa rangi ya waridi na zambarau, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza mtu anaiona saratani, au anaona kwamba haipo.

Jibu hilo huandikwa siku au wiki kadhaa baadaye, wakati mgonjwa ameshashuka bondeni. Kwa hiyo sehemu ya fomu inayoambatana na kikopo ninayoiona nzito kuliko zote ni mstari mdogo wa namba ya simu. Mara nyingi hujazwa namba ya mume au ya kijana anayefanya kazi Arusha, simu isiyopatikana pale mtandao unapokatika. Pakiandikwa namba mbili, ya ndugu mmoja na ya zahanati ya kijijini kwake, na zahanati ikaandika kwenye daftari lake tarehe ambayo jibu linatarajiwa, muuguzi wa Engaresero anaweza kuipigia hospitali tarehe hiyo ikipita, bila kungoja kupigiwa.